Mpaka Gari Lipoe

Mwongeli alikuwa akipika ugali kwa kusikiliza injini. Gari la mumewe lilipokunja kona kuingia kwao Woodley, maji yalikuwa tayari yanatokota. Liliposimama mbele ya dirisha la jikoni na kubaki likinguruma pole pole, alimimina unga. Akasonga, akageuza, akafunika, na wakati huo ndipo injini ilipozimwa na mlango wa gari ukasikika ukifungwa. Muindi aliingia akakuta sahani mezani, mvuke ungali unapanda. Veronicah, jirani yao, aliwahi kushuhudia hayo akasema hajaona mke anayemjua mumewe kiasi hicho, na Mwongeli hakujisumbua kumweleza kwamba ni turbo.

Gari lenyewe halikuzaliwa na turbo. Lilikuwa gari dogo la michezo, la milango miwili, la chini mno, hata kuliingia ilikuwa kama kuketi mkekani, na lilipotoka Japani lilikuwa na injini ambayo Mwongeli aliiona inatosha kabisa. Muindi, mpima ardhi anayekaribia miaka hamsini, hakuiona inatosha. Aliagiza turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa ili iwe na nguvu zaidi, pamoja na mabomba yake, akampelekea fundi Okinyi kule Kabiria, na tangu siku hiyo nyumba ikakosa amani. Mara mpira wa hewa umechomoka katikati ya barabara, mara oili inavuja, mara gari linatoa moshi wa buluu mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Mwongeli, mwenye duka la mapazia Ngara, alisema kwamba waliolitengeneza gari hawakusahau kuweka turbo, waliamua. Muindi akamjibu kwamba wauza mapazia wa Ngara wabaki na mapazia yao. Walinuniana wiki nzima.

Kisha Muindi akaanza kukaa garini. Alikuwa akifika, anasimamisha gari pale pale mbele ya dirisha, na badala ya kushuka anabaki ndani injini ikiwaka. Mwongeli hakuwa mtoto. Alijua wanaume wanaokaa garini nje ya nyumba zao wanafanya nini: wanamalizana na mtu kwenye simu. Alivumilia, akavumilia, hadi jioni moja akatoka na mwiko mkononi, unga bado umeganda juu yake, akaufungua mlango wa gari kwa ghafla.

Muindi alikuwa ameweka mikono mapajani. Simu ilikuwa juu ya dashibodi, kioo chake cheusi.

"Unaongea na nani?" Mwongeli akauliza.

"Na nani tena? Nimekaa na turbo, Mama Kamene."

Akamweleza. Turbo inazunguka kwa kasi isiyosemeka na inapata moto sana, na kinachoipoza ni oili inayopita ndani yake. Ukizima injini kabla haijatulia, oili inasimama mle ndani na kuungua, na siku si nyingi turbo inakufa. Kwa hiyo mtu mwenye akili akifika anangoja kidogo. "Ni kama wewe utoke Ngara ukikimbia mpaka hapa," alisema, "halafu ukifika tu mtu akuzibe pua."

Mwongeli alisimama pale na mwiko wake, aibu ikimpanda, kisha kicheko kikamshinda. Kuanzia jioni hiyo akawa mtetezi mkubwa wa turbo kuliko hata mwenyewe. Wageni walipouliza mbona Baba Kamene hashuki, ni yeye aliyewasomea habari za oili na moto, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa gereji.

*

Mwezi wa pili mama yake Mwongeli alifariki. Alikuwa ameugua muda mrefu, akikaa kwa mwanawe Nzioka kule Kabiria ili awe karibu na kliniki, na hatimaye akarudishwa Mwala kuzikwa. Mwongeli alisimamia msiba kama anavyosimamia duka. Alipanga kwaya, akapanga chakula, akawashukuru wageni kwa kipaza sauti bila sauti yake kutetereka. Kila aliyempa mkono alimsifu kwamba amejikaza, na sifa hizo zikamfunga. Asingeweza tena kulia mbele za watu hao bila kuwa kama anawarudishia pongezi zao.

Alirudi dukani, akapima vitambaa, akacheka na wateja. Huzuni haikumfuata dukani wala kanisani. Ilimngoja jikoni. Jioni ya kwanza baada ya mazishi, gari lilipofika na kuanza kunguruma nje, alishika ukingo wa sinki akasikia kifua kikifunguka. Akalia. Injini ilifunika kilio chake, naye akafungulia bomba la maji ili kuwe na kelele ya kutosha. Injini ilipozimwa alinawa uso haraka, akajipangusa kwa leso, akamlaki mumewe kwa ile sauti yake ya kuwashukuru wageni: "Karibu, Baba Kamene, chakula ni tayari."

Ikawa ndiyo desturi yake. Binti yao Kamene alikuwa chuoni Eldoret, nyumba ilikuwa na watu wawili tu, na zile dakika chache za turbo zikawa ndiyo faragha pekee aliyokuwa nayo. Alizitarajia kutwa nzima.

Hakumwambia Muindi. Kusema kweli alikuwa na kinyongo naye. Siku ya mazishi Muindi alisimama na wakwe wengine wa kiume pembeni ya hema, akishughulikia magari na jenereta, jicho kavu kama mtu aliyekuja kupima shamba. Tangu hapo hakulitaja jina la marehemu. Mwongeli alijaribu kujiambia kwamba ni heshima ya ukwe. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Mama yake hakuwahi kulala Woodley hata usiku mmoja, wala kula mbele ya Muindi. Lakini si Muindi huyo huyo aliyekuwa akimpeleka kliniki, kwa kuwa Nzioka hana gari na yeye Mwongeli yuko dukani? Safari zote hizo, na hata neno moja la kumkumbuka? Ilimuuma, na kwa kuwa hakuwa na pa kuyaweka maumivu hayo, aliyasonga pamoja na ugali.

Kisha dakika zikaanza kurefuka. Mwanzoni ugali uliiva Muindi akiwa bado nje. Baadaye ukaanza kushika sufuria. Mwongeli alibadilisha mpango wake, akawa hamwagi unga mpaka machozi yapungue, na bado injini ilikuwa ikinguruma. Aligundua pia kwamba ule mluzi wa turbo, ambao zamani ulimtangulia Muindi tangu barabara kuu, hausikiki tena. Veronicah naye alisema, "Hiyo gari yenu siku hizi imeokoka, haipigi kelele." Mwongeli akajibu kama mtaalamu kwamba turbo ikizeeka inanyamaza, na inahitaji muda zaidi wa kupoa.

*

Muindi alipotumwa Kitui kikazi, aliliacha gari kwa Okinyi libadilishwe breki, akampigia mkewe simu amsaidie kulichukua, maana yeye angerudi kwa basi siku hiyo hiyo jioni.

Okinyi alikuwa chini ya paa lake la mabati, akinywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Iko tayari, mama. Breki nimebadilisha mbele na nyuma. Oil pia nimemwaga nikaweka ingine. Mzee akirudi mwambie asijali."

"Asante, Okinyi. Na usijali, nitaiacha ipoe kabla nizime. Hiyo ninajua."

"Ipoe nini?"

"Turbo."

Okinyi aliweka kikombe chini. Alimtazama kuona kama anatania. "Mama, hii haina turbo. Si tulitoa kabla ya Pasaka?"

Mwongeli alicheka kidogo, kwa adabu tu, kama anavyocheka mteja anaposema kitambaa cha dukani kwake kimechuja. Okinyi akainua boneti, akamwonyesha pahali palipokuwa wazi kati ya vyuma, kisha akamwonyesha turbo yenyewe. Ilikuwa juu ya kipande cha mbao karibu na ukuta, imejaa skrubu na nati. Okinyi alikuwa ameigeuza bakuli.

"Ilikuwa imechoka. Ile shafti ya ndani inacheza, inakula oil kama nini. Nikamwambia mzee, hapa ni uokoe injini ama uokoe turbo. Akasema toa. Hata hakubishana, na unajua vile anapendanga kubishana."

"Sasa akifika nyumbani," Mwongeli akauliza taratibu, "kuna haja ya kukaa na injini ikiwaka?"

"Ya nini? Hiyo ni kuchoma petroli bure. Ukifika, zima, ingia ndani ule."

Mwongeli aliingia garini. Aliketi, akateremka kama anayeketi mkekani, akaondoka bila kuaga sawasawa.

*

Aliendesha vibaya. Pale Dagoretti Corner alipigiwa honi kutoka kila upande, na kwenye Barabara ya Ngong alijikuta anafuata lori la mchanga ambalo angeweza kulipita zamani. Kichwa chake kilikuwa kama droo iliyomwagwa. Tangu Pasaka! Kila jioni tangu Pasaka yule mwanamume alikaa nje ya nyumba yake bila sababu, injini ikiwaka, akijifanya anapoza kitu ambacho ni bakuli la skrubu Kabiria.

Alianza na lile jibu la zamani, mwanamke wa simu, lakini halikumkaa. Alishamwona kwa macho yake, mikono mapajani. Kiburi basi? Labda hakutaka kukiri kwamba muuza mapazia alisema kweli kuhusu turbo. Hilo lilifanana na Muindi, lakini mtu hakai garini miezi yote hiyo kwa ajili ya kiburi. Mazoea? Mazoea hayarefuki kila wiki. Likabaki jibu ambalo hakutaka kulitazama: kwamba ndani ya nyumba kuna kitu ambacho Muindi anakiogopa au kukichoka, na kila jioni anahitaji muda zaidi wa kujikaza kabla ya kuingia. Na ndani ya nyumba hamna kitu kingine ila yeye.

Aliogopa. Alikasirika pia, na hasira ilimfaa zaidi, akaishika hiyo. Alipofika Adams, karibu na nyumbani, alikuwa ameshapanga maneno. Angemkalisha mezani, asimpe chakula, amwambie: Baba Kamene, kama nyumba imekushinda, sema.

Alisimamisha gari mahali pake pa kila siku, mbele ya dirisha la jikoni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba. Taa ya jikoni ilikuwa ikiwaka. Asubuhi stima ilikuwa imepotea, naye alisahau kuzima swichi kabla ya kutoka. Aliushika ufunguo azime, akainua macho, na mkono ukabaki pale pale.

Pazia la jikoni lilikuwa fupi.

Alilishona mwenyewe, kwa kipande kilichobaki dukani, maana muuza mapazia hajiwekei kitambaa kizuri. Alijua halifiki chini kabisa. Lakini mtu akisimama nje haoni chochote ila pindo la pazia na chupa ya sabuni, na hata Veronicah akipita hupunga mkono tu bila kujua kama kuna mtu ndani. Mwongeli hakuwa ameketi kwenye kiti hiki hata siku moja gari likiwa hapa. Kutoka chini huku, macho yalipita chini ya pindo yakapanda hadi ndani: bomba, ukingo wa sinki, leso yake kwenye msumari, na hewa tupu juu ya sinki ambapo uso wa mtu ungekuwa.

Aliutazama ule upenyo kwa muda. Alihisi uso ukimchoma, kama mtu aliyegundua kwamba mlango wa bafu ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kila jioni. Midomo yake iliyopinda, kamasi, paji la uso alilokuwa akilibana kwenye ukuta. Muindi alikuwa ameyaona yote, akiwa ameketi hapa. Alimwona akilia, akamwona akimaliza, akamwona akinawa. Na hapo tu, kila mara hapo tu, ndipo injini ilipozimwa.

Si turbo iliyokuwa ikichukua muda zaidi.

Maneno aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

*

Muindi alikuja kwa miguu, begi begani, viatu vyekundu kwa vumbi la Kitui. Aliliona gari, akamwona mkewe ndani, akasikia injini. Alisimama. Kisha akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akajikunja na kuketi, magoti yakigusa dashibodi.

"Okinyi amekuambia," akasema.

"Ameniambia."

Walitazama mbele.

"Pazia ni fupi," Mwongeli akasema.

"Ni fupi."

"Na hukusema."

"Ningesema ungeshona lingine." Muindi aliweka begi miguuni. "Nilikuona ile jioni ya kwanza baada ya Mwala. Nilipozima, ukaacha. Hivyo tu, ukaosha uso. Kesho yake pia. Nikaona ni mimi nakukatiza. Nikasema basi, nisizime mpaka amalize."

"Si ungeingia ndani?" Sauti ya Mwongeli ilipanda, naye akaiacha ipande. "Miezi yote hiyo, Baba Kamene. Unaniona nalia, na wewe umekaa hapa kama mtu anangojea mzigo wake stendi."

"Niliingia siku moja. Niliwacha gari ikiwaka, nikafika mlangoni. Ukaniambia karibu, chakula ni tayari." Akapangusa vumbi la kiatu chake. "Sikujua mtu anajibu nini hapo."

Mwongeli aliikumbuka jioni hiyo. Aliikumbuka hata sauti yake. Alitaka kumshukuru na alitaka kumpiga kofi, na lililomchanganya ni kwamba hakuona tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Miezi yote alidhani yuko peke yake, na sasa hakujua kama alikuwa ameibiwa au amepewa. Muindi alikuwa anapapasa ukingo wa kiti alichokalia, pale ngozi ilipochanika.

"Hiki kilikuwa kiti chake," akasema.

"Cha nani?"

"Mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja tangu mazishi. "Tukitoka kliniki namrudisha kwa Nzioka. Tukifika hashuki. Anasema hii kitu imekimbia, ipumue kwanza. Anasema hata punda akikuletea maji, humwachi tu hapo akihema. Mimi namwambia, mama, shuka upumzike, mimi nitangoja. Anakataa. Anashika mkoba wake, tunangoja na yeye."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mimi na mama mkwe? Tutaongea nini? Tulikuwa tunakaa tu." Muindi aligeuza uso kwenye kioo cha upande wake. "Siku ya mwisho alikuwa anaimba. Polepole, ni kama alisahau niko. Hiyo turbo ilikuwa imeshapoa kitambo, na mimi sikuzima."

Nje, Veronicah alikuwa akianua nguo, akawapungia mkono. Mwongeli akampungia pia. Aliona kwamba mazungumzo yamefika mwisho wake, na kwamba kukaa hapa majirani wakiwatazama hakusaidii kitu.

"Haya," akasema. "Tuzime, twende ndani."

Akauzungusha ufunguo.

Kimya kilishuka ghafla, na ndani ya kimya hicho kukawa na sauti. Mwanzo alidhani ni chuma cha injini kinachotulia. Ilikuwa fupi, ya chini, kama mtu aliyepaliwa na chai, na ilitoka upande wake wa kushoto. Haikudumu. Muindi aliikata pale pale, akakohoa, akajipangusa uso kwa kiganja kizima na kushika mpini wa mlango.

"Twende," akasema. "Twende tule. Nina njaa sana."

Mwongeli aliijua sauti hiyo. Ilikuwa safi, imenyooka, ya kushukuru wageni.

Hakumtazama. Alirudisha mkono kwenye ufunguo, akawasha. Injini ikashika, ikanguruma, gari dogo likatetemeka chini yao. Kule jikoni sufuria ilikuwa juu ya jiko, haina hata maji. Mwongeli aliegemea kiti, macho yake kwenye dirisha.

"Ngoja kidogo," akasema. "Bado haijapoa."